Dakika Tano Kabla Folda Haijafungwa

"Kuna mtu mlangoni," Mama alisema, pini mbili zikiwa zimebanwa kati ya midomo yake. "Nimemuuliza anataka nini, ananiambia amekuja kujibu swali. Wewe umemuuliza nani swali?"

Nilikuwa nachana nywele. Upande wa kushoto nilikuwa nimeumaliza, wa kulia sijaugusa. Ilikuwa saa nne asubuhi ya Jumamosi, nimevaa gauni la kushindia nyumbani lenye doa la chai kifuani, na wiki nzima ile nilikuwa nimeuliza swali moja tu.

"Yukoje?" nikauliza.

"Ana miguu miwili. Nenda kamwone mwenyewe."

Ngoja kwanza nieleze, maana bila kueleza mtaniona kichaa. Kazi yangu ni kuhariri video. Naletewa picha zilizopigwa na watu wengine, nazikata, nazipanga, mpaka saa kumi na tano za kamera zinakuwa filamu ya dakika ishirini na nne. Nafanyia chumbani kwangu, dirisha likitazama kamba ya nguo ya jirani. Bosi yuko mji mwingine. Mkaguzi, yaani mtu wa kutazama kila nilichokata na kusema kinafaa au hakifai, yuko mji mwingine tena, masaa sita kwa basi. Hatujawahi kuonana. Tunakutana kwenye programu moja ya kompyuta: mimi napandisha filamu, yeye anaitazama kwake, akiona kasoro anaisimamisha na kuandika maoni palepale, kwenye sekunde ileile. Narekebisha, naweka tiki, napandisha toleo jipya lenye namba yake. Siku akiridhika anabonyeza kitufe cha kijani cha kuidhinisha. Programu inampa dakika tano za kubadili mawazo, zinahesabiwa kurudi nyuma, halafu folda inafungwa. Ikishafungwa hakuna anayeweza kuandika neno ndani yake, hata asante.

Humo ndimo tulimopendana. Mnacheka? Chekeni. Mwanzoni alikuwa mkavu kabisa: "Dakika ya tatu, sekunde ya nane: muziki umeingia mapema kwa nusu sekunde." Nusu sekunde, jamani! Nikambandika jina, Sekunde, naye akaniita Mkasi. Halafu siku moja akaandika: "Dakika ya kumi na moja: hapa nimecheka peke yangu mpaka jirani amegonga ukuta." Nikajibu. Naye akajibu. Kufikia filamu ya tatu tulikuwa tunaulizana habari za mvua, za goti la mama yake, za macho yangu yanayouma, yote kwenye sekunde za filamu za watu, na kila jioni tunafuta kabla bosi hajafungua. Miezi saba. Sauti yake niliijua kutoka vikao vya bosi, lakini kamera hakuwahi kuiwasha, na kwenye kile kiduara cha picha aliweka baiskeli.

Filamu ya nne ilikuwa ya mkunga mmoja anayestaafu baada ya miaka arobaini kazini. Toleo la tano nililipandisha nikiwa na uhakika nalo. Unajua ile kazi ukiimaliza mwili wenyewe unakuambia? Yakarudi maoni tisa. Nikarekebisha. Toleo la sita, maoni saba. La saba, la nane. Wakati huohuo studio moja kubwa ilikuwa inanitaka, na sharti lao lilikuwa moja: niwaonyeshe filamu ndefu iliyoidhinishwa kabla ya mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha niko toleo la tisa. Wakamchukua mwingine. Siku hiyo nilimwambia Mama kwamba kazi hii imenishinda, anifundishe kushona. Akanijibu, "Cherehani haitaki mtu mwenye hasira, utajishona vidole."

Jumanne, nikiwa nimeshafika toleo la kumi na moja, nikafungua historia ya folda kutafuta kipande cha zamani. Nikakuta mistari miwili. "Toleo la tano: mkaguzi ameidhinisha, saa nne na dakika kumi asubuhi." Chini yake: "Mkaguzi ameondoa idhini, saa nne na dakika kumi na tatu."

Niliisoma mpaka herufi zikacheza. Halafu nikaenda mwanzo kabisa wa filamu, sekunde ya sifuri, nikaandika: "Kwa nini uliondoa idhini ya toleo la tano?"

Jumatano kimya. Alhamisi kimya. Ijumaa nikamtukana kimoyomoyo, nikamkumbuka, nikajitukana mwenyewe. Na Jumamosi ndiyo hii.

Nikafungua mlango.

Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Shati la mikono mirefu limekunjamana kwa safari, begi la kompyuta begani, miwani mkononi anaifuta kwa ncha ya shati. Alipoivaa akanitazama. Yalikuwa macho ya mtu aliyezoea kutazama kitu kimoja kwa muda mrefu bila kupepesa, na leo kitu chenyewe kilikuwa mimi. Nilijiandaa kumchukia, nikajikuta nafunika lile doa la chai kwa mkono. Nikakasirika zaidi.

"Mkasi," akasema.

"Usiniite Mkasi."

"Nimekuja ku..."

"Kujibu swali, nimesikia. Siku nne! Ulivunjika vidole?"

"Hapana, nili..."

"Ulikuwa unatafuta uongo wa kuniambia."

"Mgombezee ndani!" Mama akapaza sauti. "Majirani wana masikio."

Sebule yetu ndiyo karakana ya Mama. Cherehani iko dirishani, gauni la kijani la mteja limening'inia ukutani likiwa nusu limeshonwa, na meza ya chakula imejaa nyuzi, chaki na vipande vya vitambaa. Mama alimpa mgeni kigoda kisicho na mgongo, kile anachokalisha wateja wasiokuja kuchukua nguo zao kwa wakati.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Sekunde?"

"Ndiye mimi."

"Jina halikufai. Sekunde gani imemchukulia mwanangu mwezi na nusu?"

Akainamisha kichwa. Mimi sikukaa. Nilisimama mbele yake nimekunja mikono.

"Jibu basi," nikamwambia.

Akavua miwani akaifuta tena, akaivaa. Baadaye nilikuja kujua kwamba ndivyo alivyo: maneno kwake hutoka moja moja, kila moja akilipima. Siku ile nilidhani anatunga.

"Asubuhi ile nilitazama toleo la tano mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza kama mkaguzi. Mara ya pili kwa kupenda tu. Ilikuwa..."

"Ilikuwa imekamilika!"

"Ilikuwa imekamilika. Nikabonyeza. Zile dakika tano zikaanza kurudi nyuma. Nikakaa nazitazama, na nikaona kwamba zikiisha..."

"Zikiisha kazi yangu inakuwa imekwisha, naenda kuwaonyesha watu!"

"We mtoto," Mama akasema, "umemuuliza au umejiuliza? Mwache amalize."

Nikafunga mdomo. Nao ulikuwa unawasha.

"Nikaona kwamba zikiisha," akaendelea, "kesho yake nitaamka hakuna neno kutoka kwako. Bosi alikuwa ameshasema hatuna filamu nyingine mpaka mwakani. Zilipobaki dakika mbili nikaondoa idhini. Nilijiambia ni siku moja tu. Nikatafuta kasoro ndogo ndogo nikaandika."

"Ulizitafuta?"

"Nilizitafuta. Nyingine nilizitunga."

Hakuna kitu kibaya kama mtu kukiri haraka wakati wewe umejiandaa kwa ugomvi mrefu. Nilibaki nimeshika ukingo wa meza.

"Namba yangu ya simu huna?"

"Ninayo. Nilipewa kwa ajili ya kazi. Niliibonyeza mara sita nikaifuta. Kwa kuandika mimi ni jasiri. Kwa mdomo..." Akafungua mikono, kama kusema, si unaniona mwenyewe.

"Kulikuwa na studio," nikasema. Sauti yangu ikaanza kukatika na sikuweza kuizuia. "Walinitaka. Walitaka filamu moja tu iliyoidhinishwa. Wamemchukua mtu mwingine, na mimi nimekaa mwezi mzima humu ndani nikijiambia sijui kazi. Pale mkunga anaponawa mikono nimeparudia mara kumi na saba. Kumi na saba! Nimemwambia Mama anifundishe kushona!"

Uso wake ulibadilika. Hilo halikuwa la kuigiza, mtu haigizi kupauka midomo.

"Sikujua," akasema. "Hukuniambia."

"Ningekuambia wapi? Kwenye sekunde ya ngapi?"

Mama alitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kimto chake moja baada ya nyingine, akageuza kiti.

"Sikiliza, mwanangu," akamwambia Sekunde. "Mimi sisengenyi mtu, nasema mbele yake. Sikutaki. Baba yake huyu alikuwa akifanya kazi mbali. Kila mwezi barua: mwezi ujao narudi, kuna kitu kidogo namalizia. Barua tamu, we! Ninazo sanduku zima. Huyu akajifunza kutembea, kuna kitu kidogo anamalizia. Akaanza shule, kuna kitu kidogo. Wanaume wa maandishi ninawajua. Wanachelewesha mambo wakikuambia ni kwa mapenzi, na wewe unazeeka unasoma."

Sikuwahi kumsikia Mama akimtaja Baba mbele ya mgeni. Mbele yangu mwenyewe alikuwa amemtaja labda mara tatu.

"Ndiyo maana nimekuja, Mama," akasema taratibu. "Sikutaka kumjibu kwa maandishi."

"Siku nne ulikuwa wapi? Njia ya mwongo ni fupi. Yako imekuwa masaa sita ya basi."

"Jumatano nilimpigia bosi. Nilimweleza kila kitu, kwamba filamu imechelewa kwa sababu yangu, si kwa sababu ya mhariri. Alinijibu jana jioni. Ameniondoa kwenye ukaguzi, na anwani yenu nimepewa na yeye. Nimalizie hii moja, halafu nikabidhi." Akanitazama. "Nilitaka nikija niwe nimeshafanya. Nisije na ahadi."

Ukaguzi ndio ulikuwa maisha yake. Mtu anayesikia nusu sekunde ya muziki, umtoe kwenye ukaguzi umpeleke wapi? Moyo ukanivuta kumhurumia, nikaukatalia. Kitu kilichokuwa kinaniuma kilikuwa bado hakijaguswa, nikakisema jinsi kilivyokuja.

"Kuchelewa ningeweza kukusamehe. Studio pia, ipo siku nitasahau. Lakini nilikuwa nakuamini. Ukiandika kibaya, nabadilisha. Ukiandika kizuri, nalala na furaha. Sasa sijui neno lako lipi lilikuwa la kweli. Hata yale ya kunisifu sijui. Nitaishi vipi na mtu ambaye sijui akisema kitu ni kazi au ni hamu yake?"

Alifikiri. Safari hii nilimwacha afikiri.

"Fungua kompyuta," akasema. "Tuyapitie maoni yangu moja moja. Nitakuambia kila moja kama lilikuwa kweli au uongo."

"Hata yakikuaibisha?"

"Hata yakiniaibisha."

Nikasogeza nyuzi za Mama, nikaweka kompyuta mezani, tukakaa upande mmoja, kiti changu na kigoda chake, nafasi ya mkono kati yetu. Alinukia sabuni na vumbi la safari. Nikafungua maoni ya toleo la tano.

"Dakika ya pili: punguza mwanga wa dirisha," nikasoma.

"Uongo."

"Dakika ya tano: jina la mkunga likae kulia."

"Uongo. Lilikuwa zuri kushoto."

"Dakika ya saba: sauti ya kitanda inasumbua."

"Hiyo nusu..."

"Hapa hakuna nusu," Mama akasema kutoka kwenye cherehani. Alikuwa ameanza kushona, lakini taratibu mno kwa mtu mwenye kazi ya mteja.

"Basi uongo."

Tukaenda hivyo. Uongo, uongo, kweli, uongo. Kila akisema uongo sikio lake la kushoto linazidi kuwa jekundu, nami kila nikiweka alama naona mwezi wangu mmoja na nusu unarudi mikononi mwangu kipande kwa kipande. Sikuwa mjinga. Sikuwa nimesahau kazi. Mwanga ule ulikuwa sawa, jina lile lilikuwa sawa. Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kulia kwa nafuu, vyote kwa pamoja.

Nikafika kwenye lile nililolichukia kuliko yote. Nilijua atasema nini.

"Dakika ya kumi na nne, sekunde ya tisa. Mkunga anaponawa mikono. Umekata mapema, ongeza sekunde mbili."

"Kweli," akasema.

"Nini?"

"Hilo ni kweli. Umekata mapema."

"Wewe! Umetoka kukiri uongo ishirini na mbili, halafu hili ndilo..."

"Hili ni kweli. Hata nilipoidhinisha niliona. Nikasema filamu ni nzuri, nisimsumbue kwa sekunde mbili. Lakini ni kweli."

"Anafuta mikono, amemaliza, nikakata!"

"Hajamaliza." Akageuka akanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu aingie hakusitasita hata kidogo. "Anafuta mikono, halafu anaitazama. Miaka arobaini ya kupokea watoto wa watu, anaitazama mikono yake. Ni sekunde mbili, zipo kwenye picha uliyoletewa, nami nimeziona. Wewe ulikata kabla hajafika hapo. Unakata kila kitu kabla hakijaisha, Mkasi."

"Mimi sika..."

Mama akacheka. Alicheka mpaka akaacha gurudumu la cherehani. "Hilo amelipata! Jamani, hilo amelipata! Tangu amefika hujamwachia sentensi nzima. Hata mimi mama yako kuna mambo naanza kukusimulia tangu mwaka juzi."

Nikakasirika kama dakika moja hivi. Halafu nikafungua picha ya kamera, ile nzima, nikaitazama. Mkunga anafuta mikono. Anatundika taulo. Halafu anasimama na kuigeuza mikono yake, mbele na nyuma, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Nilikuwa nimeitazama mara kumi na saba na mara zote nilikuwa nasubiri nafasi ya kukata.

"Ni kweli," nikasema polepole.

"Nina mteja mmoja," Mama akasema. Hakuwa akimtazama yeyote, alikuwa anaingiza uzi sindanoni. "Alinirudishia gauni mara nne. Punguza hapa, ongeza pale. Mara ya nne nikalipima, nikaona limemkaa kama ngozi yake. Nikajua alichokuwa anatafuta ni mtu wa kukaa naye. Nikamwambia, mama, siku nyingine njoo bila gauni. Anakuja mpaka leo." Akavuta uzi. "Lakini nguo yake nilimkabidhi kwanza. Kazi ya mtu usiifanye kamba ya kumfungia."

"Nimeelewa, Mama," akasema Sekunde.

"Sijasema na wewe. Nasema na sindano."

Nikarudisha toleo la tano lilivyokuwa. Dirisha lenye mwanga wake, jina kushoto, kitanda kikilia. Nikaongeza sekunde mbili za mikono, na yale mengine matatu aliyoyasema kweli. Hakuingilia. Nilipomaliza nikapandisha: toleo la kumi na mbili. Akatoa kompyuta yake kwenye begi, akavaa hedifoni zake, akaitazama filamu nzima mbele yangu.

Sikuwa nimewahi kumwona mtu akitazama kazi yangu. Miezi saba nilikuwa napata maneno tu, uso siuoni. Kumbe hucheka kabla ya kichekesho chenyewe, kwa sababu anakijua. Kumbe hupumua na wanaopumua kwenye filamu. Dakika ya kumi na nne ilipofika nilijua bila kuangalia kioo cha kompyuta, kwa sababu aliweka kidole chini ya miwani na akakiacha hapo. Basi hiyo sifa yake moja niliiamini, na hakuwa ameiandika popote.

Filamu ikaisha. Akavua hedifoni.

"Una maoni?" nikamuuliza.

"Sina."

Akabonyeza. Kitufe cha kijani kikawaka, na namba zikaanza kurudi nyuma: dakika nne na sekunde hamsini na tisa, hamsini na nane.

Mkono wangu ukaivuta ile kompyuta upande wangu kabla sijaufikiria.

"Unaogopa nitaondoa?" akauliza.

"Ndiyo. Naogopa."

"Iweke katikati," Mama akasema. "Mtu hajulikani kama si mwizi mpaka mlango uwe wazi."

Nikairudisha katikati. Yeye akaweka mikono yote miwili magotini. Tukakaa tunazitazama namba. Dakika nne. Dakika tatu na nusu. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Ikifungwa hii," akaanza, akanyamaza.

Nilikuwa na maneno matatu tayari ulimini ya kummalizia. Nikayameza. Nikasubiri.

"Ikifungwa hii sina tena pa kukuandikia. Kwa hiyo nasema. Nakupenda. Nilianza kwenye filamu ya pili, pale ulipouacha mlango ujifunge wenyewe, hukuukata. Nikasema mtu huyu ana subira mahali fulani, ameificha. Nimekukosea. Nilikuweka kwa hila badala ya kukuomba. Studio ile siwezi kukurudishia, na sitakuambia naweza. Kama unataka niwaandikie nitawaandikia."

"Nitawapigia mwenyewe," nikasema. Halafu, haraka, "Samahani. Endelea."

"Nataka..."

Nikatazama kioo. Dakika mbili na sekunde nne. Ilikuwa palepale. Mwezi na nusu uliopita, zilipobaki dakika mbili, mkono wake ulirudi kwenye kile kitufe. Naye aliona, kwa sababu mkono wake wa kulia ulitoka gotini ukainuka juu ya meza, nami nikajua kabisa kwamba akikigusa namfungulia mlango aende zake na sitamlilia mbele yake, nitamlilia akishapanda basi.

Akavua miwani. Akaiweka mezani kati ya nyuzi, akarudisha mkono gotini.

"Nataka mama yangu na baba yangu mdogo waje hapa," akasema, "wazungumze na mama yako. Mimi kwa kusema si hodari, umeniona. Lakini nitakuwepo. Sitakuwa na kitu kidogo cha kumalizia."

Nikasikia Mama akishusha pumzi.

Nilitaka kwanza zile namba ziishe zote. Sekunde thelathini. Kumi. Tatu, mbili, moja. Kitufe kikapotea, pakatokea kikufuli kidogo cha kijivu, na mahali pa kuandika maoni pakazimika. Miezi saba yetu ikawa imefungwa humo ndani pamoja na mkunga na mikono yake.

"Waje," nikasema.

"Nani amesema waje?" Mama akasimama, gauni la kijani mkononi. "Hii nyumba ya nani? Mtu nimemwambia sikutaki, hata jua halijatua mnaniletea baba wadogo!" Akalikung'uta lile gauni kwa nguvu kuliko lilivyohitaji. Macho yake yalikuwa yamelowa na alijua nimeyaona. "Jumamosi ijayo nakabidhi nguo ya watu, sina nafasi. Waje Jumapili. Na wewe uje bila hiyo kompyuta."

"Nitakuja bila kompyuta, Mama."

"Na utoke kwenye hicho kigoda, kitakuvunja mgongo. Kuna viti."

Nikanyanyuka kwenda kuweka maji ya chai, na nilipopita kwenye kioo cha wateja nikajiona. Upande wa kushoto nywele zimechanwa zimelala. Upande wa kulia, Mungu wangu, ni kichaka. Masaa manne! Nimegombana hivi, nimependwa hivi, nimeposwa hivi.

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ndio mtindo."

Nikamgeukia yeye. "Na wewe? Umeona?"

"Tangu mlangoni."

"Na hukusema! Wewe! Mtu wa kusikia muziki umeingia mapema nusu sekunde!"

Alikuwa amehamia kwenye kiti chenye mgongo. Akavaa miwani yake, akanitazama kwa muda wake wote, na nywele zangu zote, na doa la chai. Akafungua mdomo, akasita. Nikamsubiri.

"Hapo," akasema, "sikuwa na maoni."